Msamaha Niliomsemea Chantal

Siku ile naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu, mwanangu, na mpaka leo sijui niicheke au niililie. Nimesikia umefungua karakana yako na umeajiri watu wanne. Hongera. Basi kabla hujazoea kuitwa bosi, nikueleze jinsi nilivyofanya jambo nililoliona jema, likaniletea barua ya mashtaka.

Nilikuwa na miaka thelathini na kitu. Karakana yangu ya vitenge ilikuwa mtaa wa Turffontein, cherehani sita na meza moja ya kukatia, na kwenye meza ile alitawala fundi Déo. Huyu ndiye aliyenipokea stesheni nilipofika Johannesburg kutoka Bukavu na begi moja. Yeye na mkewe walinilaza kwao miezi saba. Nilimwita yaya, kaka mkubwa, na kwa mkasi hakuwa na mpinzani. Nilimsifu mbele ya watu mpaka wakachoka kusikia.

Sasa, hatukuwa na sanamu ya kuvalisha nguo. Gauni likikatwa, Déo alilijaribisha kwenye mwili wa Chantal, msichana aliyeshonea dirishani, kwa kuwa umbo lake lilifanana na la wateja wengi. Nani angeona ubaya? Mimi mwenyewe ndiye niliyeanzisha utaratibu huo. Asubuhi moja Chantal akaniomba tuzungumze stoo. Akaniambia mkono wa Déo hauishii kwenye kitambaa, amemkataza mara tatu, na sasa anaambiwa akiendelea kuringa atafute kazi kwingine, maana bosi hawezi kumwacha yaya wake.

Nilikasirika, halafu nikaogopa. Kwetu aibu ya nyumba haitolewi barabarani. Nikafanya ambalo mama yangu angefanya: nilimwita mchungaji wa kikundi chetu cha maombi, nikanunua kreti ya soda na mikate, tukaketi baada ya kazi katikati ya cherehani. Mchungaji akasoma Neno. Déo akasema kama kuna mtu aliyemkwaza, anaomba radhi. Wakapeana mikono, tukaimba. Chantal aliinamisha macho muda wote, nami nikadhani ni unyenyekevu. Wiki iliyofuata nikamhamishia kwenye kiduka chetu kidogo karibu na mtaa wa Observatory, taksi mbili kwenda na mbili kurudi, ili wasionane. Déo alibaki, maana nani angekata nguo? Funika kombe mwanaharamu apite, ndivyo nilivyojiambia.

Kombe halikufunikika. Barua ilitoka ofisi ya usuluhishi wa mambo ya kazi, na aliyeshtakiwa ni mimi, mwajiri. Niliisoma mara tatu. Nikampelekea jirani yangu Mkenya anayefanya kazi benki, naye akaisoma vilevile. Nilimkasirikia Chantal kwelikweli. Fadhila za punda ni mateke, nilisema. Tena nilikuwa nikiamini sheria ya nchi hii ni ya wenyewe. Sisi wa karatasi za ukimbizi inatupita kando. Kumbe inamlinda kila anayefanya kazi, hata Chantal, na inambana kila anayeajiri, hata mimi.

Msuluhishi alikuwa mama wa makamo, mpole, wa kuandika sana. Aliniuliza nilipoambiwa nilifanya nini. Nikamweleza kwa fahari, kwa Kiingereza changu cha kuokoteza: sala, soda, mikono. Akaandika yote. Kisha akauliza kama siku ile Chantal aliulizwa anachotaka. Nilimtazama mchungaji, aliyekuja kuwa shahidi wangu. Mchungaji alikuwa akitazama viatu vyake.

Ndipo Chantal akanigeukia mimi, akaacha Kiingereza.

"Maman, ile siku mulinisamehesha kwa nguvu. Miye sikusamehe. Kisha mukanituma mbali, yeye akabakia. Sasa nani alikosa?"

Nilikuwa nimejiandaa kumjibu msuluhishi, sikuwa nimejiandaa kumjibu yeye. Niliona haya, mwanangu, haya ya mtu mzima.

Yule mama akanieleza taratibu. Sheria inamuuliza mwajiri: ulipojua, ulichukua hatua gani? Ukinyamaza, kosa la mfanyakazi wako linakuwa lako. Na ukimhamisha aliyelalamika, umemwadhibu, hata kama nia yako ni njema. Nikachanganyikiwa kabisa. Kwetu mpatanishi husifiwa; huku nilionekana kama mshirika wa mkosaji. Nikamuuliza, kwa hiyo nilikosea kuomba Mungu?

"Omba, mama," akasema. "Lakini msikilize kwanza."

Chantal alirudi kwenye cherehani yake. Malalamiko yakasikilizwa na mtu wa nje, Déo akapewa nafasi ya kujitetea, na mwisho akaonekana ana kosa, akaondoka kazini. Mkewe, aliyenipa blanketi lake nilipofika mji huu, hanisalimii mpaka leo. Kanisani wapo wanaosema nilimuuza ndugu kwa karatasi za serikali. Siku nyingine nawaamini. Siku nyingine najilaumu kwamba nilichelewa. Labda yote mawili ni kweli. Usinitazame hivyo, mimi si hakimu.

Ninachokijua ni hiki. Mfanyakazi wako akikuletea neno la namna hii, liandike siku hiyohiyo. Msikilize yeye, kisha umsikilize anayelalamikiwa, kila mmoja peke yake, na usiwakalishe pamoja kabla aliyeumia hajasema anataka. Kama mkosaji ni mtu uliyekula chumvi yake, tafuta mwingine aamue, maana macho yako yana ukungu. Asihamishwe aliyelia. Na utaratibu wa kazi unaoweka mwili wa mtu mikononi mwa mwingine, ufute kabla hujaletewa malalamiko. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mimi nilikuwa bosi, sikukilalia.

Msamaha ni wa aliyeumizwa, mwanangu. Usimsemee.

Nenda na baraka zangu. Mungu aibariki mikono yako na mikono ya wote unaowaajiri, awape usalama mahali pa kazi, na asikuache upendwe na watu wako huku wakiogopa kukuambia ukweli.