Pa Kuandika Pembeni

Asubuhi ninayoikumbuka kuliko hata ile ya ndoa yangu, mwanangu, ni ya Jumatatu moja pale Ifakara, katika chumba tulichokiita ofisi, msimamizi wetu alipofungua makasha na kutupangia mezani tableti mpya, kila moja ikiwa bado na nailoni yake kwenye kioo. Siku hizi mnasema kishikwambi. Sisi hatukuwa na neno hilo. Tulisema tableti, na tulilitamka kwa heshima kama mtu anayetaja jina la mkwewe.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu juzi nilikuwa nimekaa kwenye benchi la duka la simu nikimsubiri fundi, nikawasikia wewe na wenzako mkibishania kishikwambi kilichoingia sokoni mwezi huu. Mmoja akasifu kioo, mwingine akasifu chaji, wa tatu akasema kasoro yake ni moja tu, hakiingii mfukoni. Mkacheka. Mimi nilinyamaza, maana mzee akidakia maongezi ya vijana huonekana anatafuta kununuliwa soda. Lakini nimesikia unaanza kazi ya kupita nyumba kwa nyumba na kitu hicho mkononi, kwa hiyo niruhusu niseme hapa nilichoshindwa kusema pale.

Nilikuwa mdadisi katika mradi mmoja wa takwimu za kaya. Jina lake halina maana tena, ulishafungwa, na chumba chetu sasa ni saluni. Kazi yetu ilikuwa kupita kila nyumba katika vijiji vya barabara ya Mlimba, mara tatu kwa mwaka, na kuandika nani amezaliwa, nani amehamia, nani amehama, nani amefariki. Ilikuwa kazi ya maana. Yeyote aliyetaka kugawa kitu kwa watu wa vijiji vile alianza kwa kuomba orodha yetu. Nami nilikuwa kijana, mwepesi wa miguu na mwepesi zaidi wa mdomo.

Msimamizi, mtu mpole aliyetoka Dar es Salaam, alisema hataki kutulazimisha. Tuzungumze, kisha tuamue kama raundi inayofuata tuanze na tableti au tubaki kwanza na karatasi.

Nilisimama wa kwanza. Nikasema karatasi zinalowa kila masika na tunazianika kama dagaa. Nikasema mwandiko wa mwenzetu Shabani hausomeki hata na Shabani mwenyewe. Nikasema tableti inakataa makosa, ukiandika mtoto aliyezaliwa kabla ya mama yake inakurudisha. Tena takwimu zinafika Dar siku hiyo hiyo. Yote hayo yalikuwa kweli, mwanangu, na mpaka leo ni kweli. Usije ukasema mzee huyu anachukia vitu vipya.

Shabani, ambaye baba yake alikuwa na duka la vitambaa pale sokoni, akainua mkono. "Chaji ikiniishia huko mbele ya Mngeta, nichomeke wapi? Kwenye mgomba?"

Tukacheka. Msimamizi akasema kila mmoja atapewa betri ya akiba. Hapo ndipo akasimama Mama Kalista.

Mama Kalista alikuwa mkubwa wetu wote, Mpogoro aliyeshuka kutoka Mahenge akiwa bibi harusi, na alikuwa akiandika watu wa vijiji vile tangu mimi niko shule ya msingi. Aliichukua tableti yangu, akaigeuza, akanirudishia.

"Mwanangu, uliyosema sikatai hata moja," akasema. "Sasa nionyeshe pa kuandika pembeni."

"Pembeni kwa kazi gani, mama?"

"Nikikuta mlango umefungwa kamba na jirani ananiambia wenyewe wako shamba. Kwenye karatasi naandika pembeni: wako ng'ambo, watarudi mpunga ukivunwa. Humu naandika wapi?"

Nilifungua ukurasa wenyewe. Chini ya jina la kila mtu palikuwa na majibu matatu: yupo, amehama, amefariki. Usipochagua moja, hukuweza kuendelea mbele.

Ningeweza kusema, "Mama, umeona kweli, tumwambie msimamizi aongeze la nne." Jambo hilo lingechukua dakika moja. Badala yake niliwageukia wenzangu, nikasema, "Mtu ama yupo ama hayupo. Hakuna mtu wa katikati."

"Mama Kalista anaogopa kubonyeza tu," Shabani akadakia. "Hata simu yake ya tochi mpaka abonyezewe na mjukuu."

Chumba kizima kikacheka, naye akacheka kidogo pamoja nasi. "Haya, baba," akasema. "Haraka haraka haina baraka."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo," nikamjibu palepale.

Tulipiga kura kwa mikono. Nilishinda. Kipya kinyemi ingawa kidonda, na mimi siku ile nilikibeba kidonda kwa furaha.

Hapa lazima niseme jambo ambalo mtu wa bonde letu hahitaji kuambiwa, lakini huenda haya yatasomwa na mtu wa kwingine. Mvua zikishika, vijiji vyetu huwa vitupu. Familia huvuka mto na kwenda kukaa mashambani, zinalala kwenye madungu, yale makazi ya miti yaliyoinuliwa juu ya maji, zikiamia ndege wasile mpunga mchana na kufukuza nguruwe. Watoto huenda na mama zao. Hukaa huko miezi mitatu, minne, kisha hurudi na mpunga wao. Mgeni akipita anaweza kudhani watu wamekimbia. Mimi sikuwa mgeni. Mimi nilijifunza kutembea juu ya fito za dungu, na mama yangu alinifunga kamba kiunoni nisidondoke. Ndiyo maana kosa langu halina kisingizio.

Mwezi wa nne nilifika kwenye nyumba ya mwanamke aliyeitwa Mama Skola. Nilimfahamu vizuri, raundi zote nilizopita alinipa kigoda na maji. Mlango ulikuwa umefungwa kamba. Jirani yake akaniambia, "Hawa wako ng'ambo, baba. Wamekwenda wote sita."

Nilisimama uani. Kufika huko kwao kulikuwa ni mtumbwi, na matope ya nusu siku. Nilikuwa na nyumba nyingine nyingi, na msimamizi alikuwa akitusifu kila Ijumaa kulingana na tulivyomaliza. Nikabonyeza: amehama. Nikabonyeza mara sita, jina la mwisho likiwa la Skolastika, mtoto wa miaka mitatu. Sikutumia hata muda wa kunywa maji. Kijiji kile nilikimaliza kabla ya wote, nikapigiwa makofi.

Baada ya mavuno vikaja vyandarua vyenye dawa. Vilikuwa vikigawiwa kwenye uwanja wa shule kwa orodha iliyotoka kwetu, na sisi wadadisi tuliwekwa pale kando ya meza ili kuthibitisha sura za watu. Mama Skola alikuja amembeba Skola mgongoni. Karani akapekua, akapekua tena.

"Mama, ninyi hapa mmehama."

"Nimehama kwenda wapi, na mimi nimesimama mbele yako?"

Watu waliopanga mstari wakacheka. Mmoja akasema, "Labda wewe ni mzimu wako." Yeye hakucheka. Aliniangalia mimi.

"Mdogo wangu, si unanijua? Waambie basi. Cha zamani kimeliwa na panya huko dunguni."

Karani akanigeukia. Kulikuwa na fomu ya watu waliosahaulika. Sharti lake lilikuwa moja, mdadisi aandike kosa lilikuwa nini, atie sahihi. Mama Kalista alikuwa meza ya pili, anasikia. Shabani alikuwepo. Na mimi ndiye niliyesema mbele yao wote kwamba hakuna mtu wa katikati.

"Nenda nyumbani, dada," nikasema. "Nitalishughulikia."

Alinishukuru, mwanangu. Akaondoka. Nami sikulishughulikia, si siku ile, wala wiki ile, wala mwezi ule. Kila asubuhi nilijiambia nitaiomba ile fomu kimya kimya, Mama Kalista asipokuwepo, na kila asubuhi Mama Kalista alikuwepo.

Raundi iliyofuata nilifika kwake nimejiandaa kuomba radhi. Alinipa kigoda kama kawaida. Akakaa chini, akanyoosha miguu, akasema, "Skola hatunaye."

Ilikuwa homa. Walimpeleka zahanati, kutoka pale wakaambiwa wampeleke Ifakara, na njiani akawa amechoka kabisa. Sisemi kwamba chandarua kingemwokoa. Hakuna ajuaye, na mbu wa bonde hili huuma pia jioni watu wakiwa bado nje. Nimejisemea maneno hayo mara nyingi. Hayanisaidii.

Nikafungua tableti kwa sababu sikujua pa kuiweka mikono yangu. Nikalitafuta jina lake, nikabonyeza amefariki. Kioo kikaandika kwamba mtu huyu hayumo katika kaya hii. Nikajaribu tena. Ikakataa tena. Nilikuwa nimesema alihama, na kwa kile chombo aliyehama hafi.

Mama Skola alikuwa ananitazama vidole. "Umeshamwandika?"

"Nimemwandika," nikasema.

"Ahsante. Maana wenzangu huniambia mtoto asipoandikwa ni kama hakuzaliwa."

Hilo ndilo kosa langu, mwanangu. Watu huniuliza nilikosea wapi, wakidhani nitasema ni siku niliyobonyeza. Kubonyeza kulikuwa uvivu. Siku ya uwanja wa shule ilikuwa kiburi. Lakini kumwambia mama yule "nimemwandika" sina jina lake mpaka leo.

Nilikwenda nyumbani kwa Mama Kalista, nikamkuta anapepeta mchele. Nilimwamkia, nikamweleza yote. Nadhani nilitaka anilaumu kwa ule mjadala, aseme "nilikuambia," ili kosa liwe la tableti na mimi niwe mtu aliyeitetea tu. Hakunipa nafasi hiyo. Aliuweka ungo chini.

"Tableti haikulijua shamba," akasema. "Wewe ulilijua."

Nikasema msimamizi angeongeza jibu la nne tangu mwanzo.

"Angeongeza. Na siku moja mtu atakuja na jambo la tano. Mimi sikuwa naitetea karatasi siku ile, baba. Nilikuwa nauliza, kitu kisipokuwa na nafasi humo, nani atafungua mdomo? Wewe ukanijibu kwa methali." Akauchukua ungo wake. "Sasa unakuja kwangu kufanya nini? Nenda kwa yule mama."

Nilikwenda kwa msimamizi kwanza, kama mwoga afanyavyo. Nikaandika barua, nikatia sahihi. Jibu lilikuja la adabu sana: raundi ile imeshafungwa, haifunguliwi. Mwaka uliofuata mradi wenyewe ukafungwa. Nilipopata moyo wa kwenda kwa Mama Skola, nyumba yake ilikuwa imefungwa kamba, na safari ile jirani alisema wamehama kweli, kaka wa mumewe amewachukua, hajui ni upande gani. Sijawahi kumpata. La kuvunda halina ubani. Mahali fulani, ndani ya mashine nisiyoijua, Skolastika bado amehama. Hana kaburi humo wala umri wa kufa, na aliyemweka hivyo ni mimi.

Siku hizi vyombo vyenu vina nafasi ya maelezo, nimeonyeshwa. Nimeona pia jinsi mnavyoiruka. Kijana mmoja alipita nyumbani kwangu mwezi uliopita, nikamwambia mke wangu yuko shamba, akaandika nukta moja mahali pa maelezo ili ukurasa uende mbele. Nilimuuliza hiyo nukta maana yake nini. Akasema, "Mzee, ni ya kuipitisha tu." Kwa hiyo siwezi kukudanganya kwamba nina matumaini makubwa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nasi hatuvunjiki peke yetu, tunawavunja na wengine. Mimi sikumsikia mkubwa wangu, na sioni kwa nini wewe unisikie mimi.

Hata hivyo nitakuambia, kwa kuwa ndiyo kazi iliyobaki. Bishaneni juu ya vishikwambi mpaka mchoke, kioo na chaji na kamera. Lakini ukipewa chako, ukakuta majibu hayatoshi kwa mtu aliye mbele yako, usimkate mtu ili atoshee. Sema hapohapo, kwa sauti, hata kama jana yake ulishinda ubishi. Ukikosea, tia sahihi kosa lako siku hiyo hiyo. Kuuliza si ujinga, na kusema "nilikosea" mbele ya wenzako hakuui. Na mama akikuuliza kama umeshamwandika mwanawe, na hujamwandika, mwambie hujamwandika. Atalia. Mwache alie kwa jambo la kweli.

Mungu akujalie aibu mapema, mwanangu, kabla ya sifa. Akupe miguu ya kuvuka mto kuwafuata watu waliko. Na siku akikunyima miguu, asikunyime ulimi wa kusema kwamba hukuvuka.