Matuta Mawili Yaliyobaki

Habari za msiba nilizipata redioni, saa za mchana, katika yale matangazo ya vifo ambayo mke wangu huyasikiliza kwa makini na mimi huyasikiliza kwa sikio moja. Nilikuwa mezani kwangu Arusha, natafuta sentensi ya kuanzia makala ya kuwafundisha watu wa mijini namna ya kutunza bustani zao. Mtangazaji alisoma jina la marehemu, akasema amefariki nyumbani kwake Katesh, akamtaja binti yake na ndugu zake wa Basotu, na mwisho kabisa akasoma: “Habari zimfikie pia karani wa bustani, popote alipo.” Mke wangu aligeuka. “Huyo karani wa bustani ni nani mpaka atafutwe nchi nzima?” Nikamjibu kwamba ni mimi. Nilitegemea acheke. Hakucheka, akaenda kunitolea mkoba wa safari.

Jina la marehemu silitaji. Mliozoea kusoma hapa mnajua kwamba sitaji majina ya watu, na yeye mwenyewe asingependa. Alikuwa Mbarabaig, mrefu, mwembamba, mwenye bangili za shaba mkononi na Kiswahili kifupi alichokitumia kama tunavyotumia sukari siku hizi zisizo na sukari. Alitunza bustani ya mtaa iliyo karibu na soko la Katesh. Wanaopita kwa basi huiona ikiwa michongoma iliyokatwa vizuri, mijakaranda michache na matuta ya maua, wakadhani ni kazi ya mtaalamu fulani. Kwa miaka mingi mtaalamu huyo nilidhani ni mimi.

Nilipelekwa Katesh nikiwa nimetoka Chuo Kikuu juzi tu, suruali bado ina mkunjo wa pasi. Ulikuwa wakati mashamba ya ngano ya serikali yanatanuka kule uwandani, malori yanapita mjini usiku na mchana, mafundi na madereva wanatafuta vyumba vya kupanga, na sisi wenye karatasi tukaona kwamba mji unaokua lazima uwe na mahali pa kupumzikia. Bustani ilikuwepo tangu zamani, ila kwa jina tu: migunga mitatu, benchi moja lisilo na mguu, na mbuzi. Ikaundwa kamati ya kuifufua, nami nikawa karani wake kwa sababu mwandiko wangu ulisomeka. Nilikuwa na shahada ya jiografia. Nilizaliwa Masieda, upande wa Mbulu, mwendo wa siku mbili tatu kwa miguu kutoka pale, lakini nilijua zaidi habari za mito ya Ulaya kuliko za jirani zetu waliokuwa wakichunga ng’ombe chini ya mlima Hanang. Katika kamati alikuwemo pia mzee mmoja wa duka la vitambaa, mtu wa Kondoa, ambaye kila kikao alikuwa na ombi lile lile. “Karani, benchi zitazame dukani kwangu. Mtu akikaa akapoa, akumbuke kwamba hana shuka.”

Mtunza bustani hatukumtafuta. Tulimkuta palepale, amesimama na fimbo yake, na kila tuliporudi kupima tulimkuta tena. Mzee wa vitambaa akasema mtu asiyeondoka mahali ni mlinzi tayari, kilichobaki ni kumwajiri. Tukamwajiri. Hakuna aliyemuuliza kwa nini alikuwa haondoki. Hata mimi, niliyefundishwa kuuliza maswali kwa miaka mitatu na serikali ikanilipia, sikumuuliza.

Katikati ya uwanja kulikuwa na kichuguu. Ndivyo nilivyokiandika kwenye mchoro wangu: kichuguu kimoja, kuondolewa. Kimo chake kilikuwa kama cha mtu, kimeota nyasi, na kukizunguka kulikuwa na vipande vya nguzo zilizooza ambavyo niliviona ni masalia ya zizi. Siku moja kabla hatujamwajiri, nilipokuwa natembea na kamba ya kupimia, yule mzee wa fimbo alinijia ameshika nyasi mbichi mkononi. Nikamwamkia, “Shikamoo mzee.” Akaitikia, “Marahaba.” Kisha akakionyesha kwa fimbo. “Hiki kiache.”

“Kwa nini, mzee? Patakuwa na maua hapa.”

“Kiache tu.”

Nilitazama zile nyasi nikamtania kwamba ameanza kupalilia kabla ya ajira. Baadaye sana ndipo nilipoambiwa kwamba kwa watu wake anayekujia na nyasi mbichi mkononi amekuja kuomba kwa amani, na hupaswi kumgeuzia kisogo. Mimi niligeuka nikaendelea na kamba yangu.

Kilichofuata ndicho ninachokionea aibu zaidi, kwa sababu hakikutokana na kutojua. Nilijua kwamba mzee hataki. Basi siku tuliyoazimwa katapila, nilimtuma kijiji cha mbali cha Gitting kuchukua miche ya mijakaranda, makusudi, ili nisibishane naye mbele ya watu. Aliondoka alfajiri kwa miguu. Dereva wa katapila alikizunguka kile kilima mara mbili, akazima mashine, akaniuliza, “Karani, na hiki nacho?” Nikamwambia nacho. Udongo wake ulikuwa mwekundu, laini, mzuri ajabu, na kwa akili yangu ya kutopoteza kitu nikaamuru ujazwe kwenye matuta ya maua. Matuta kumi na mawili. Nilijiona mtu mwenye busara sana jioni ile.

Mzee alirudi jua linazama, miche imefungwa kwenye gunia bichi mgongoni. Akaona uwanja uko sawa kama meza. Aliiweka miche kivulini, akainyunyizia maji mmoja baada ya mwingine, akaosha mikono, ndipo akanijia. “Udongo wake mmeupeleka wapi?” Nikamwonyesha matuta kwa fahari. Alipita tuta kwa tuta akiyahesabu kwa kidole, akafika la kumi na mbili, akasimama hapo muda mrefu. Mzee wa vitambaa alininong’oneza, “Huyu amependa matuta yako.” Nami nikaamini.

Kuanzia mwaka uliofuata, kila mvua za masika zilipokwisha, mtunza bustani alikuja kwenye kamati na taarifa moja: tuta fulani limechoka. Alilichimba lote hadi chini, akaleta udongo mpya na samadi kutoka kwa wafugaji, akapanda upya. Mawaridi yalichanua kuliko ya misheni. Niliandika kwenye ripoti yangu kwamba mtumishi wetu ameupokea utaalamu wa kisasa, na ripoti ikasifiwa. Udongo wa zamani aliubeba kwa karai, kichwani, akaumwaga palepale katikati, mahali ambapo mchoro wangu ulionyesha nyasi fupi. Kijilima kilipoanza kuonekana, mzee wa vitambaa alilalamika. “Karani, mtu wako anatupandia kichuguu.” Tulicheka kamati nzima. Nilihamishiwa Arusha kabla kicheko hicho hakijaisha vizuri, na huko nikaingia kwenye kazi hii ya kuwaambia watu mambo wasiyoniuliza.

Miaka ikapita. Siku moja nilitumwa Hanang kuandika habari za mavuno. Tulikuwa ndani ya ngano, ngano mpaka macho yachoke, ndipo nikaona katikati yake kilima cha udongo kimesimama peke yake, kimeota nyasi, na mistari ya kupandia imepinda kukizunguka kama maji yanavyozunguka jiwe. Nilimuuliza dereva wa trekta kwa nini amepinda. Alinitazama kama mtu anayetazama mtoto mkubwa aliyevaa viatu kinyume. “Si kaburi la mzee wao? Wabarabaig wenyewe hulijenga kwa miezi mingi, ukoo mzima unaleta udongo. Nilipofika hapa niliuliza hiki nini, wakaniambia.” Dereva yule aliishia darasa la nne. Nilikaa chini katikati ya ngano. Wenzangu walidhani ni jua.

Nilikwenda bustanini moja kwa moja. Nilimkuta anachimba tuta la saba. Nikamwamkia, akaitikia, akaendelea kuchimba. “Mzee,” nikasema, “pale palikuwa na nani?”

“Baba.”

“Mbona hukuniambia?”

Akaegemea jembe. “Nilikuambia kiache. Ungekuwa mwanangu ningekuambia mara ya pili.” Kisha, kwa sababu alikuwa na huruma ambayo sikuistahili, akaongeza, “Wewe ulikuwa na karatasi. Mtu mwenye karatasi hasikii vizuri.”

Nikamwambia nitaandika gazetini, nchi nzima ijue. Nikamwambia nitaomba radhi mbele ya kamati. Nilisema mambo mengi, kama kawaida ya watu wa kalamu. Alinisikiliza mpaka nilipochoka, akanisogezea karai. “Utaandika baadaye. Beba.” Nilibeba karai nne. Ya tano mgongo ukagoma, na basi la mwisho lilikuwa linapiga honi sokoni. Nilimwahidi, nikiwa nimeshika mikono yake miwili, kwamba kila baada ya masika nitakuja tubebe pamoja mpaka tuta la kumi na mbili. Akasema, “Sawa, karani.” Sikwenda mwaka uliofuata, kulikuwa na semina. Mwaka wa pili nilikuwa mgonjwa kidogo. Mwaka wa tatu hapakuwa na sababu yoyote.

Tulimzika nyumbani kwake, upande wa chini wa mlima. Kaburi lake ni la kawaida, la saruji, na padri alisema maneno mazuri, kwa kuwa miaka ya mwisho mzee alibatizwa pamoja na binti yake. Watu walipotawanyika, binti, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi, alinijia na kunishika mkono. “Shikamoo baba. Wewe ndiye karani?” Nikasema ndimi. “Baba alikuwa haongei tena siku za mwisho, ila jambo moja alilirudia. Alisema, mwambieni karani wa bustani, yamebaki matuta mawili. Alisema wewe unajua maana yake. Sisi hatukujua, ndiyo maana tukakutafuta redioni.” Nilitafuta maneno, mimi ninayeishi kwa maneno, nikaishia kumwomba anionyeshe karai la baba yake lilipo.

Nikwambieni na jambo la mwisho. Bustani ile inafanyiwa ukarabati. Kuna kamati mpya, na ina karani mpya, kijana mwungwana sana aliyenionyesha mchoro wake kwa heshima zote: taa, benchi za zege, bembea za watoto. Ni mchoro mzuri kuliko wangu. Katikati yake, mahali ambapo sasa kuna kilima kinachonifika kiunoni, ameandika kwa mwandiko unaosomeka: lundo la udongo, kuondolewa. Nilimuuliza kama kuna mtu aliyemwambia udongo ule ni wa nini. Akasema, “Aliyekuwa anaulundika alikuwa mzee wa usafi tu, baba. Naye amefariki.”

Sikumkasirikia. Ningemkasirikia vipi, na mimi ndiye niliyemtangulia? Nilikaa naye kwenye benchi, lile linalotazama duka la vitambaa, nikamsimulia yote haya kama nilivyowasimulia ninyi. Nilimwambia kwamba tunapenda kusema kuuliza si ujinga, lakini huwauliza wakubwa zetu tu. Aliyeshika fagio hatumuulizi. Tunamtuma Gitting. Tunajenga mahali pa watu kupumzika bila kuuliza ni nani aliyekwisha kupumzika pale. Maendeleo siyachukii, nimekalia benchi zake, nimekula ngano yake, na mwanangu amebembea kwenye bembea zake. Ila nimejifunza kwamba ardhi tupu haipo Hanang, wala Mbulu, wala kokote nilikopita. Zipo ardhi ambazo sisi tulizifikia tukiwa na haraka. Kijana alikunja mchoro wake, akafikiri, akasema atalipeleka suala kwenye kikao. Huenda watalipitisha, huenda hawatalipitisha. Mimi najua kikao kinavyokuwa, na jinsi mtu anavyotaka kuonekana ana akili mbele ya wenzake.

Kwa hiyo makala hii naiandika nikiwa Katesh, kucha zangu zikiwa nyekundu. Tuta la kumi na moja nimelimaliza jana. Limenichukua siku tatu. Yeye, binti yake anasema, tuta moja lilikuwa likimchukua mbili, na alikuwa na umri wa kunizaa. Mzee wa vitambaa, ambaye sasa anatembelea mkongojo, alisimama mlangoni kwake siku ya kwanza akanitania, “Karani, umefukuzwa gazetini?” Nikavuka nikamweleza kisa chote. Alienda ndani, akarudi na shuka jeusi la kipande kizima, akalitandika juu ya kile kilima mwenyewe, mkongojo umelala chini. “Mimi nilicheka,” akasema. “Kwenye kikao kile, mimi ndiye niliyeanza kucheka.”

Asubuhi hii binti alipita akienda shuleni, akaniuliza kama tuta la mwisho nitalimaliza kabla ya kikao. Nilitaka kumwahidi. Maneno yalikuwa yamefika mdomoni, mazuri, yamepangika. Nikayameza, nikainama, nikachukua karai.