Fungu la Adelfina

Telesfori, balozi wa nyumba kumi, alimnyang'anya Adelfina shamba la migomba kwa kuchomoa kijiti tu.

Tangu watu wa Keza walipohamishiwa kwenye kijiji cha ujamaa, Telesfori ndiye aliyetunza kumbukumbu za kaya zake. Wengi hawakujua kusoma, akaona heri vitu vya kushika mkononi. Kabla hajafunga chochote aliwaita akawaeleza: kila kaya fungu moja, lenye kijiti kirefu cha mwenye kaya, kokoto la nyumba, mbegu za maharage kwa watoto, na ganda moja la mgomba kwa shamba. Vyote vifungwe pamoja, vitundikwe ukutani kwake. Ukitaka kujua shamba la Idefonsi, shika fungu la Idefonsi, usihangaike kwingine.

Adelfina, mke wa Idefonsi, aliupenda mpango ule. Hakuwahi kukanyaga darasa, lakini fungu lao alilijua kwa vidole. Mbegu hazikuwamo, hawakujaliwa mtoto.

Kisha Idefonsi akaenda vitani na mgambo, asirudi. Matanga yalipokwisha tu, Telesfori akalishusha fungu lao na kuchomoa kijiti kirefu. Vilivyobaki vikalegea, vikaanguka sakafuni.

"Unaona, mama? Halishiki. Nakuhamishia kwa shemeji yako Gaspari."

"Kata kijiti kingine, balozi. Mwenye kaya ni mimi."

"Kijiti kirefu ni mwanamume."

"Hukusema hivyo siku ile. Ulisema mwenye kaya."

Wanaume waliokaa kwenye benchi wakacheka. "Basi mpeni na suruali!" mmoja akadakia.

Gaspari hakucheka. Alikuwa analitazama lile ganda. Fungu lake lilikuwa na ganda tayari, na nafasi ya shamba ni moja; ganda la Idefonsi likatupwa jikoni likaungua. Tangu siku hiyo, migomba aliyoipanda Adelfina kwa mikono yake ikawa haina pa kutajwa ila kwa Gaspari. Gaspari akaja na panga, akakata mikungu mbele ya macho yake.

"Shemeji, mbona hunipokei mzigo?"

Nyumba nayo akaitia mbuzi. Adelfina akapewa pembe ya jiko, nyuma ya nyumba ya Gaspari.

Akatafuta kijiti, kokoto na ganda, akafunga fungu lake mwenyewe. Likashika. Akalipeleka.

"Shikamoo, balozi."

"Marahaba." Telesfori akaligeuzageuza, akalivuta kamba. "Limefungwa vizuri," akasema, akamrudishia.

Sasa linaning'inia juu ya mkeka wake. Jioni, watu wakianza kuitana majumbani, yeye haitwi na mtu. Hulishusha, akalifungua, akalifunga tena.

Gaspari anadaiwa shamba na nyumba, na vyote vinaonekana kutoka pale jikoni. Telesfori anadaiwa msumari mmoja ukutani kwake, na fungu la Adelfina juu yake.