Choo cha Umau

Nilipokuwa mtoto kule Ndithini, bomani kwetu kulikuwa na choo kimoja kizuri, na mama yangu hakuruhusiwa kukitumia. Kilikuwa cha Umau, babu yangu mzaa baba. Kwetu Ukambani, mke wa mwana hachuchumai pale anapochuchumaa baba mkwe wake. Akithubutu, Susu alituambia, thavu inaingia nyumbani, ile laana isiyobisha hodi, na thavu huanza na mtoto mdogo.

Susu, nyanya yangu, hakuwa mkatili. Aliyasema hayo akichambua pojo, kwa sauti ileile ya kutuonya kuhusu nyoka.

Basi mama alikwenda vichakani alfajiri, kwenye ukingo wa mto wa msimu, pamoja na wake wa maboma mengine. Chini ya ukingo huohuo ndiko tulikofukua mchanga kutafuta maji ya kunywa.

Siku moja akaja bwana wa mradi wa maji na usafi, buti zake zinang'aa.

"Mzee, choo iko?"

"Iko. Njoo uone, hata mlango ni ya bati."

Bwana akachungulia, akasifu, akaondoka. Mama alikuwa amesimama palepale na mtungi mgongoni. Hakuulizwa kitu. Siku hizi kwenye midahalo ya chuo, mtu akisimama kujigamba kwamba vyoo vipo vijijini, swali langu ni moja tu: vipo vya nani?

Mvua za Novemba zikaja na hasira, zikauosha ule ukingo wote na uchafu wake hadi kwenye kisima chetu cha mchangani. Ndugu yangu Mumo, aliyekuwa ndio kwanza anajifunza kusimama, aliamka akihara. Kufikia alasiri macho yalikuwa yamezama. Zahanati ilikuwa ng'ambo ya mto, na mto ulikuwa umefurika. Alikufa mgongoni mwa mama, bado amefungwa leso, tukingoja maji yapungue.

Tulipomzika, Susu alimketisha mama jikoni.

"Mama Mwende, sema tu. Mvua ilikufukuza kichakani ukaingia kwa mzee?"

"Sijaingia, mama."

"Hata mara moja?"

"Hata mlango sijagusa."

Shangazi yangu, dada ya baba, akadakia kutoka mlangoni: "Wiki nzima ya matope, na miguu yako safi hivyo?"

"Niliosha."

Hakuna aliyemwamini. Laana ilitabiriwa, na mtoto amekufa. Ushahidi gani tena? Walimsimamisha mbele ya ule mlango wa bati, wakamnyunyizia ng'ondu, dawa ya kutakasa. Alitakaswa kwa sababu ya choo ambacho hakuwahi kukiingia. Hakulia. Nakumbuka blauzi yake tu, jinsi ilivyolowa kifuani kwa maziwa yasiyokuwa na mtoto.

Kisha Susu akaamuru baba amchimbie mkewe choo chake, ili asijaribiwe tena. Baba akachukua sururu, akachimba nyuma ya jikoni. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo: kazi yenyewe haikuwa kubwa.

Likizo iliyopita nilirudi nyumbani na hoja zangu zote. Susu haoni tena. Nilimkuta mama akimshika mkono kumpeleka kwenye choo kilekile cha nyuma ya jikoni, maana ndicho kilicho karibu.

"Mama Mwende, usiende mbali," Susu alisema akiwa ndani.

"Niko hapa, mama."

Alipotoka, mama alimmiminia maji ya kibuyu chirizi kilichoning'inizwa mlangoni na kumwosha mikono kwa sabuni, kidole baada ya kidole, kama mtoto. Mimi ninayejua kumnyamazisha mtu jukwaani nilisimama kando nikiwashikia taulo. Susu alisema kweli kwamba choo kingetuulia mtoto. Alikosea upande wa mlango tu: kilichoua si mama kuingia bali kufungiwa nje, na aliyelipia kosa hilo ndiye sasa anayemshika mkono asijikwae.

Mwaka huu Mumo angekuwa anaingia sekondari.