Yai Alilolikataa Bibi Nkamba

Kwa jina la Mungu, mwenye malisho na mashamba yote, ninafungua kinywa changu. Mimi ni Kabula, mzaliwa wa Sapiwi katika nchi ya Bariadi, binti wa wakulima wa pamba, na mjukuu wa Bibi Nkamba, mama mzazi wa baba yangu. Habari hii ni yake kuliko kuwa yangu.

Nilipokuwa mtoto, mwanamke wa kwetu hakula yai. Tuliyaokota mayai, tukayachemsha, tukawapelekea wanaume na wageni, lakini hayakupita midomoni mwetu. Ilisemwa kwamba mwanamke akila yai atakuwa tasa, au atazaa mtoto asiye na nywele. Na akila mwanamke mzee, aliyekwisha kumaliza uzazi, kosa litawashukia binti na wajukuu zake. Leo ni rahisi kuyacheka hayo. Mimi siyacheki, kwa maana niliwaona watu wakiyaishi.

Hiyo ilikuwa miaka ambayo bidhaa zilianza kurudi madukani baada ya foleni za muda mrefu. Sabuni ilionekana tena, na nguo, na mfanyabiashara mmoja wa mjini akaleta kuku wa kisasa, wale wanaotaga bila jogoo. Mayai yao yaliletwa gulioni yakiwa yamepangwa kwenye trei. Jirani yetu Mama Wande, mwanamke mwenye utani usiokwisha, aliyazunguka yale mayai kama mtu anayekagua ndama wa kununua.

“Haya hayana baba,” akasema. “Sasa mwiko utamdai nani?”

Wanawake walicheka hadi wakashikana mabega. Hata hivyo hakuna aliyenunua.

Bibi na Mama Wande walikuwa darasa moja la ubatizo, nami nilikuwa humo pamoja na watoto wengine. Bibi hakujua kusoma. Kwa hiyo kila jioni, tukichambua pamba, nilimtamkia maneno ya imani naye akayarudia, mpaka akayajua kuliko mimi. Tambiko alikwisha kuliacha kwa hiari yake. Jina la ubatizo alikwisha kulichagua: Ana. Tangu babu afariki sikumwona akitamani kitu kingine kwa kiasi hicho. Nguo yake nyeupe ilikuwa imefuliwa na kukunjwa mwezi mzima kabla ya siku yenyewe.

Mwinjilisti aliyetufundisha alikuwa kijana mwenye bidii, aliyetoka chuoni karibuni. Alituambia kwamba kwa Kristo hakuna chakula kilicho najisi, na katika hilo alisema kweli, nami ninaifundisha kweli hiyo hadi leo. Kosa lake lilikuja Jumamosi, siku moja kabla ya ubatizo. Somo la mwisho lilipokwisha, aliingiza kanisani beseni la mayai ya kuchemsha, akatangaza kwamba kila mwanamke atakula moja mbele ya wenzake, ili ijulikane kwamba ameachana na mizimu. Asiyekula atamsubiri mchungaji aje kubatiza tena mwaka ujao.

Aliniita mimi kwanza. Nilimenya, nikachovya kwenye chumvi, nikala. Lilikuwa tamu mno. Nilipoinua macho, Bibi alikuwa akivitazama viganja vyake.

Akafuata Mama Wande. Utani wote ulikuwa umemtoka. Alimeza haraka haraka kama anayemeza dawa ya homa, kisha akakimbilia nje na kutapika pembeni mwa ukuta. Minong'ono ikazagaa kwenye mabenchi kwamba mwiko umemshika. Mwinjilisti akasema ni upungufu wa imani. Nadhani wote wawili walikosea. Lililomtapisha mama yule ni hofu, wala si kitu kingine.

Zamu ya Bibi ikafika. Mwinjilisti akamnyooshea yai, akamwuliza kwa sauti ya upole kwamba, yeye aliyekwisha kumaliza kuzaa, anaogopa nini. Bibi alilipokea kwa mikono miwili, kwa heshima yote, kisha akalirudisha taratibu kwenye beseni.

“Siwezi, mwanangu.”

“Basi kesho usije na nguo nyeupe.”

Tulirudi nyumbani kwa miguu, kupita katikati ya mashamba. Nilikuwa na hatia ya mtu aliyeshiba mbele ya mwenye njaa. Mwishowe nilimwuliza kama hakuogopa aliponiona nikila.

“Niliogopa,” akasema. “Lakini wewe ulikuwa umetulia, ng'wana, mtoto wangu, na moyo wako si wangu. Ningekuzuiaje?”

Kesho yake aliivaa ile nguo nyeupe. Alikaa benchi la nyuma kabisa, mgongo umenyooka. Mchungaji, mzee aliyekuja kwa baiskeli kutoka mjini, alisikiliza majina yakisomwa, na jina la Bibi halikusomwa. Bibi akasimama hata hivyo, na mchungaji akamwona. Akauliza mama yule ni nani, na mwinjilisti akamweleza habari ya yai.

“Ni kweli, mama?” akauliza mchungaji.

“Ni kweli, Baba Mchungaji. Zamani niliacha yai kwa kuwaogopa mizimu. Ningelila jana, ningelila kwa kumwogopa kijana huyu. Ningekuwa nimebadilisha tu ninayemwogopa. Moyo wangu ukitulia nitakula. Bado haujatulia.”

“Na anayekula, unamkataza?”

“Mjukuu wangu alikula mbele ya macho yangu.”

Mchungaji akamwambia mwinjilisti alete maji, na Bibi akabatizwa wa kwanza, kabla ya wale wote waliokula. Alipoitwa Ana, alijibu kwa sauti iliyofika nje.

Bibi hakula yai hadi anazikwa. Lakini miaka miwili baadaye, mama yangu alipokuwa mjamzito na damu yake ikaonekana pungufu kliniki, muuguzi alimwambia ale mayai, na aliyeyatafuta, akayachemsha na kuyamenya, akakaa kando yake mpaka yaishe, alikuwa Bibi. Sikumwona akisita hata mara moja.

Kwa muda mrefu nilijihesabu kuwa mimi ndiye niliyekuwa huru siku ile, kwa kuwa nilikula na sikudhurika. Sasa umri umenifundisha vingine. Mimi nilikula kwa sababu niliitwa na mtu mzima, na kwa sababu nilikuwa na njaa. Kama angenipa kitu kingine ningekula hicho pia. Katika kanisa zima, aliyeipima nafsi yake mbele ya Mungu na kutenda kama alivyoona ni mwanamke mmoja, na aliutumia uhuru wake kukataa. Ninakula mayai kwa furaha, nami ninashukuru. Lakini sijawahi kumhimiza mtu mezani pangu.

Nanyi mlionisikiliza kwa subira, Bwana abariki kilichomo vyunguni mwenu. Anayekula kwenu ale kwa shukrani, asiyekula aache kwa amani, na wote wawili walale chini ya paa moja wakipendana. Amina.