Siku Tuliyofika Hospitalini Tukiwa Tumefunga

Mke wangu alijifungua saa mbili asubuhi. Kufikia saa tatu damu ilikuwa inamtoka kiasi kwamba muuguzi alibadilisha shuka mara mbili bila kunitazama usoni. Hapo ndipo woga uliponishika.

"Baba, kuja kando," akaniambia. "Tumemwekea painti moja ya damu. Ya group yake imebaki moja tu kwa fridge. Tafuta watu watoe damu, na sio kesho."

Nikampigia simu mama kiongozi wa ushirika wetu wa maombi mtaani Pioneer. Sisi tuliotoka magharibi kuja kutafuta kazi Eldoret hatuna ukoo wa karibu. Ushirika ndio ukoo. Nusu saa haikuisha, wakashuka kwenye bodaboda watu tisa: mama kiongozi mwenyewe, mafundi wa mjengo, wauza mitumba, karani mmoja. Nilipowaona wakivuka geti nilimhesabu mke wangu kuwa amepona.

Kijana wa maabara akawapanga kwenye benchi. "Wote mmekula asubuhi?"

Wakamgeukia mama kiongozi. Tulikuwa siku ya tatu ya kufunga, maji peke yake, na mimi ndiye niliyeomba tufunge, ili mke wangu ajifungue salama.

"Tangu Jumatatu tuko kwa maombi," mama kiongozi akasema, kwa fahari kidogo.

Kijana akaweka kalamu chini. "Mama, siwezi toa damu mtu hajakula siku tatu. Ataanguka hapa. Endeni mkule kwanza, tuone."

Nikamwambia anitoe damu mimi, nikianguka nianguke. Akakataa. Nikampandishia sauti mpaka askari wa mlangoni akanisogelea. Najijua: nikiogopa, nagombana.

Kwenye kibanda cha chai nje ya geti, mama kiongozi alishika kikombe asinywe. Nadhiri ilikuwa mpaka jioni. Nilimtazama mama wa watu, aliyeshona nguo za mtoto wetu kwa mikono yake, nikatamani kumpiga. Mungu anisamehe.

"Mama, tafadhali kunywa."

"Na tukivunja nadhiri, halafu mkeo aende?" Kumbe naye alikuwa akiogopa kama mimi, ila upande wa pili. Akafumba macho. "Kama ni dhambi, basi iwe yangu." Akanywa. Wote wakamfuata. Mimi nilitafuna andazi moja muda mrefu.

Tuliporudi, kijana alitupima presha mmoja mmoja, akatikisa kichwa. "Iko chini sana. Kujeni kesho. Na hata mngetoa leo, lazima damu ipimwe kwanza, haingemfikia leo."

Walirudi kesho yake, wakatoa. Lakini siku ile sikuwa na watu tisa. Nilikuwa na ile painti iliyobaki.

Saa nane mchana muuguzi alinijulisha kuwa damu imeacha kumtoka, nikaruhusiwa kuingia. Mfuko wa damu ulikuwa umening'inia juu ya kitanda, karibu kuisha. Nikasoma kibandiko: namba, kundi, tarehe ya kutolewa. Ilikuwa tarehe ya wiki mbili nyuma. Wiki mbili nyuma mtu nisiyemjua, labda mwanafunzi wa chuo huko Kesses, alikunja mkono wa shati akatoa damu, na asingetoa, fridge ingekuwa tupu na mimi niko kibandani nabembeleza watu wanywe chai.

Nikashika chuma cha kitanda nikalia kwa woga, na mke wangu akatabasamu, akidhani nalia kwa furaha.