Neno Lililokwama kwa Dada

Mtaani wanamwita Bubu, na usimwonee huruma kwa hilo, maana yeye naye kawabandika wote majina ya vidole, mengine hayafai kuonyeshwa mbele ya wakwe. Ni fundi cherehani, kiziwi tangu kuzaliwa. Shule hakuiona, anaandika tarakimu za vipimo, basi.

Mama yake alipofariki, aliondoka mtu pekee aliyekuwa akimpa umbea. Wengine nyumbani humwashiria mambo ya lazima tu: kula, oga, mteja kaja. Mama alimsimulia nani kagombana na nani na kisa chenyewe nini, mpaka mikono inachoka. Baada ya msiba fundi akaacha kula, usingizi ukamruka. Siku moja akashona mkono wa gauni shingoni! Dada yake akashtuka, akampeleka hospitali, kwa nesi wa afya ya akili.

Dada huyo ndiye ulimi wake tangu utotoni: sokoni, benki, hata siku ya kuposwa. Hospitali haikuwa na mkalimani, na nesi akaona afadhali ndugu yupo. Afadhali gani, jamani! Kuna mambo humwambii ndugu yako hata ukibanwa vipi.

"Analala?" nesi alimuuliza dada.

"Halali. Ana mawazo."

"Chakula?"

"Anadonoadonoa tu."

Mwenye ugonjwa wake kakaa pale kama mzigo uliosindikizwa. Akamgusa dada begani, akaashiria: Mwambie nataka kufa. Kila siku nataka.

Dada akatazama pembeni.

"Anasemaje?" nesi akauliza.

"Anasema... amechoka. Kazi zimemzidi."

Hakuwa mtu mbaya, dada wa watu. Aliogopa watamfungia mdogo wake wodini, na mtaa useme Bubu sasa kawa kichaa. Kwa akili yake, alikuwa anamsitiri.

Lakini fundi alikuwa akimtazama nesi. Nesi aliitikia kwa kichwa, akaendelea kuandika cheti cha vidonge vya usingizi, vya mwezi mzima. Mtu akiambiwa neno lile habaki na uso ule. Fundi akajua halijafika.

Akaudaka mkono wa nesi, kalamu na vyote. Kwa mkono wa pili akaashiria upya, polepole. Dada akatikisa kichwa: Acha, nitakuuguza mimi nyumbani. Fundi akarudia. Machozi yalimtiririka na hakuwa na mkono wa kuyafuta.

"Mama, anasema nini huyu?" Sasa nesi alikuwa mkali.

"Anasema anataka kufa," dada akaangua kilio. "Mdogo wangu anataka kufa, na mimi nimeogopa kulitamka!"

Nesi akakichana kile cheti. Akasogeza kiti mpaka magoti yake yakakaribiana na ya fundi, na kwa mara ya kwanza akamtazama usoni.

"Muulize yeye," akamwambia dada bila kugeuka. "Tangu lini, na nini kinamzidi. Atakalojibu nipe lote, usinipunguzie."

Dada akajifuta machozi, akauliza kwa mikono. Fundi akajibu kwa kirefu, na dada akatamka kila neno, hata lile la kwamba tangu mama afe, nyumbani hakuna anayeongea naye, wala dada.